Nira Isiyochubua

(Maneno haya yalisemwa kwenye ibada ya mchana ya wafanyakazi na wafanyabiashara, katikati ya jiji la Dar es Salaam. Yameandikwa karibu kama yalivyosemwa. Vicheko na "amina" vimeachwa.)

Bwana Yesu asifiwe. Na ndugu zangu Wakatoliki, nawaona pale nyuma, Tumsifu Yesu Kristo. Karibuni sana. Mwenye njaa ya neno hatumuulizi cheti cha ubatizo.

Kabla sijafungua Biblia nina ombi kwa wazee wa zamu. Kuna dada safu ya nne na kijana mmoja karibu na nguzo, wote wanasinzia. Naomba msiwaamshe. Mtu aliyeamka saa kumi alfajiri Chanika, akasimama kwenye daladala mpaka Gongo la Mboto, akagombea gari la pili, akaingia kazini saa mbili kasoro, leo amepata kiti na feni. Akisinzia simhesabii dhambi. Bwana wetu alilala chomboni wakati dhoruba inapiga, na Marko anaongeza kuwa alilalia mto. Wanafunzi wakamwamsha kwa kelele. Pale ulikemewa upepo, na woga wao nao ukaulizwa. Usingizi haukuguswa.

Leo nasema na waliochoka. Wavivu wana siku yao, wasiwe na wasiwasi.

Uchovu wa mwili peke yake haunitishi. Kuli wa Kariakoo akishusha mzigo, akala wali maharage kwa mama lishe, akalala, kesho anaamka mzima. Unaonitia hofu ni ule ambao usingizi hauuondoi. Unalala usiku kucha na unaamka umechoka. Jumapili jioni tumbo linaanza kukaza kwa sababu ya Jumatatu. Simu ikiita unatazama kwanza jina, na majina ya kuogopa yamekuwa mengi kuliko ya kufurahia.

Yanatoka wapi haya? Mnayajua kuliko mimi. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi 6 kwa mkupuo. Januari ada. Kijijini wanajua uko Dar, na kwao Dar ni jina lingine la benki. Halafu makundi ya WhatsApp ya michango: kicheni pati, sendofu, harusi yenyewe, na baada ya hapo vunja kamati, ambayo siku hizi nayo ina kamati. Hivi watu wawili wakipendana, sisi mia tatu tunachoka kwa kosa gani?

Mnacheka. Sasa nakwenda pasipo na kicheko. Kuna ile mikopo mliyoipa wenyewe mtaani jina la kausha damu. Mama anauza mboga Buguruni. Mtoto amelazwa, hana kitu, anakopa asubuhi ile ile kwa sababu hao hawaulizi mengi. Marejesho ni ya kila siku. Akikosa siku moja wanakuja vijana watatu, wanabeba televisheni, wanabeba godoro, majirani wanatazama. Anakopa kwa wengine ili awalipe wale wa kwanza. Baada ya miezi michache ukimuuliza kwa nini anaamka saa tisa kwenda kuchukua mboga sokoni, jibu la kweli halina watoto ndani yake. Anaamka ili afisa mikopo asije. Genge ni lile lile, mboga ni zile zile, mikono ni ile ile. Kilichobadilika ni anamfanyia nani kazi.

Hilo ndilo nililokuja nalo mchana huu, na mkinisahau kwa mengine yote mlishike hilo: mtu humalizwa zaidi na bwana anayemtumikia ndani ya kazi kuliko na kazi yenyewe.

Tufungue Mathayo 11, mstari wa 28. "Njoni kwangu, ninyi nyote msumbukao na wenye kulemewa na mizigo, nami nitawapumzisha."

Naona midomo inatembea, mnaujua kwa kichwa. Wengi mmeutundika sebuleni kwenye kalenda. Shida ya mistari ya kalenda ni kwamba inakatwa pale inapopendeza. Hakuna mchapaji anayeendelea na mistari ya 29 na 30, kwa hiyo tuendelee sisi: "Jitieni nira yangu, mjifunze kwangu, kwa kuwa mimi ni mpole na mnyenyekevu wa moyo, nanyi mtapata raha nafsini mwenu, kwa maana nira yangu ni laini, na mzigo wangu ni mwepesi."

Mnaona jambo hili? Mtu amechoka, amelemewa, ameitwa apumzike. Anafika, anavishwa nira. Nira ni chombo cha kazi! Angeahidiwa kitanda tungeelewa. Angeahidiwa likizo Zanzibar tungeelewa zaidi.

Wengi wenu mmezaliwa mjini, ng'ombe mnakutana naye kwenye mshikaki, basi niruhusuni. Mimi nimekulia Usukumani, nimelima kwa jembe la kukokotwa. Nira ni mti unaolala juu ya shingo za maksai wawili. Ukitaka kumfundisha maksai mchanga, hukai naye ukamweleza. Unamfunga na mkongwe anayeijua kazi. Siku za mwanzo yule mchanga anavuta kushoto, anavuta kulia, anataka kukimbia, anataka kulala. Mkongwe anakwenda zake taratibu, na mzigo kwa kweli anauvuta yeye. Mchanga akiacha kushindana, akaenda kwa mwendo wa mwenzake, anagundua shingo haimuumi tena. Ndiyo maana maneno "mjifunze kwangu" yamekaa katikati ya habari ya nira.

Na nira mbaya inachubua. Mti usiochongwa vizuri unatoa kidonda, nzi wanakuja, na ng'ombe mwenye kidonda shingoni hata umchape vipi hatavuta. Kuna Mkristo wa karne ya 2, Yustino, aliyeuawa kwa ajili ya imani yake, aliandika kwamba Yesu alipokuwa akifanya useremala alitengeneza plau na nira. Kwa hiyo anayetuambia "nira yangu ni laini" ni fundi. Anajua ngumu ikoje. Amepitisha kiganja juu ya mbao.

Ungependa kuishi bila nira yoyote? Wengi tunaota hivyo: nikiacha kazi hii, nikimaliza nyumba ya Kigamboni, nikistaafu. Nimewaona waliostaafu. Wapo wenye raha, na wapo ambao nira imehama tu kutoka ofisini ikaenda kwenye mirathi, au kwenye kumsema mkwe. Kila shingo humu ndani ina mti juu yake. Mwingine ameubeba wa kutaka aonekane amefanikiwa, na huo ni mzito kuliko saruji, maana hauna saa ya kutoka kazini.

Sasa turudi nyuma kidogo, Misri. Mabwana wa kuchosha watu hawakuanzia Dar. Kitabu cha Kutoka, sura ya 5, Waisraeli wanaomba ruhusa ya siku tatu wakamwabudu Mungu wao. Farao anajibu nini? Anaondoa majani makavu waliyokuwa wakipewa ya kuchanganya na udongo, anasema wakatafute wenyewe, na hesabu ya matofali isipungue hata moja. Kisha anawaita wavivu. Umewahi kuomba ruhusa ya kumpeleka mama yako kliniki ukaambiwa "wewe siku hizi umekuwa mvivu"? Basi umesikia maneno ya zamani sana.

Watu hawa wanatolewa Misri, wanafika jangwani, na katika amri kumi, moja inahusu kupumzika. Musa alipozirudia amri zile katika Kumbukumbu la Torati sura ya 5, anaitolea sababu: kumbuka ulikuwa mtumwa katika nchi ya Misri. Mtumwa hana siku yake. Siku zote ni za bwana wake. Kwa hiyo kupumzika siku moja katika saba ilikuwa namna ya kutangaza kwamba Farao si bosi wangu tena. (Tunaosali Jumapili na wanaosali Jumamosi tuweke ugomvi wetu pembeni kwa leo. Nina nusu saa tu.)

Lakini amri ile haikuishia kwa mwenye nyumba. Inataja mwanao, binti yako, ng'ombe wako, hata punda. Halafu inasema, "ili mtumwa wako na mjakazi wako wapumzike vile vile kama wewe." Vile vile kama wewe. Hapo naomba tukae kidogo, kwa sababu hapo wengi wetu tunatokea mlango wa nyuma.

Nyumbani kwako Tabata kuna dada wa kazi. Leo aliamka kabla yako akachemsha maji, akaandaa watoto wa shule, na usiku atalala baada yako kwa sababu anasubiri sahani ya baba. Jumapili unavaa sare ya kwaya unakuja kuimba habari za pumziko, yeye anabaki jikoni anachambua mchele wa wageni wako wa jumuiya. Mara ya mwisho alikwenda lini kanisani? Au msikitini, kama ni Mwislamu, kwa maana naye anaye Mungu wa kumwomba? Mara ya mwisho alikwenda lini kutembea tu Coco Beach, akala mihogo, akarudi jioni bila kuulizwa?

Tusiseme haya ni mambo ya Agano la Kale. Tuna Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Mawakili mliopo hapa mtanisahihisha nikikosea: saa za kawaida za kazi zisizidi 45 kwa wiki, kila wiki mfanyakazi apate mapumziko ya angalau saa 24 mfululizo, kila mwaka likizo ya siku 28. Waliowekwa kando na sheria ile ni wa majeshi. Dada wa kazi hakuwekwa kando. Mlinzi wa getini hakuwekwa kando. Tumewaweka kando sisi, halafu tunapiga magoti kumwambia Mungu kwamba waajiri wetu hawatujali.

Sisemi haya ili mtoke na hatia, hatia nayo inachosha. Nasema kwa sababu ukiendelea kuwa Farao mdogo wa mtu mmoja jikoni, hutapumzika wewe mwenyewe. Nyumba yenye Farao haina sabato, hata Farao mwenyewe halali vizuri. Mkipanga naye siku yake wiki hii, mkala kiporo, utashangaa kitakachokutokea wewe.

Namsikia kaka wa Machinga Complex anasema moyoni: mtumishi, wewe una mshahara, mimi nisipotandika hakuna anayenilipa. Ni kweli. Na Biblia inalijua jibu hilo. Kitabu cha Kutoka, sura ya 16, mana, chakula ambacho Mungu aliwashushia jangwani. Siku ya sita waliambiwa waokote maradufu, siku ya saba hakutakuwa na kitu. Pamoja na kuambiwa, siku ya saba wapo waliotoka na vikapu vyao. Wahubiri huwachapa sana watu wale. Mimi nawaelewa. Mtu aliyelala njaa kwa miaka haiamini kesho kwa sababu ya tangazo moja.

Sitakudanganya kwamba ukifunga meza siku moja, Jumatatu utauza mara mbili. Wapo watakaokuambia hivyo, na watakuomba sadaka juu yake. Ninavyoona mimi utauza kama kawaida, pengine pungufu kidogo. Lakini kuna siku moja katika wiki hakuna mteja atakayekuita, na watoto wako watamwona baba yao mchana, si kichwa kilichofunikwa shuka.

Twende kwa nabii Eliya. Nampenda sana mzee huyu kwa sababu Biblia haikumsafisha. 1 Wafalme sura ya 18 yuko mlima Karmeli, moto unashuka, mvua inarudi, ni siku ambayo mhubiri yeyote angeitamani. Sura ya 19, malkia Yezebeli anatuma ujumbe mmoja wa kumtisha, na mtu yule aliyesimama mbele ya manabii 450 wa Baali anakimbia mpaka Beer-sheba. Anamwacha mtumishi wake pale, anaingia jangwani mwendo wa siku moja peke yake, anaketi chini ya mretemu, mti mdogo wa jangwani, anaomba afe. Yatosha, anasema. Yeye si mwema kuliko baba zake.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliuweka uchovu wa kupindukia wa kazini katika orodha yake ya mambo yanayohusu afya, likaeleza kuwa ni jambo la kazi, halikuuita ugonjwa. Likataja dalili tatu: nguvu kuisha kabisa, kuichukia kazi au kujitenga nayo moyoni, na kujiona huwezi tena kufanya lolote la maana. Someni sura ile mkiwa na dalili hizo mkononi. Nguvu: amelala chini ya mti. Kuichukia kazi: watu niliowahubiri wameliacha agano, wamezibomoa madhabahu. Kujiona si kitu: mimi si mwema kuliko baba zangu. Zote tatu ziko kwa nabii, tena muda mfupi baada ya mafanikio yake makubwa kuliko yote. Kwa hiyo ndugu yangu uliyepandishwa cheo mwezi uliopita na unashangaa kwa nini unalia bafuni, huna laana.

Mungu akamfanya nini? Natamani wachungaji wote wa mji huu tuisome sehemu hii kwa magoti. Malaika hakumhubiri. Hakumwambia "mtumishi, jitie moyo." Hakukemea pepo wa uchovu. Alimgusa, akamwonyesha mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Eliya akala, akanywa, akalala tena. Malaika akamwacha alale. Akaja mara ya pili na chakula kingine, na maneno machache tu: "Inuka, ule, kwa maana safari hii ni kubwa mno kwako." Mbinguni walikubali kwamba safari ni kubwa. Hawakumwambia anadeka.

Kwa hiyo, kama uchovu wako umekaa wiki kwa wiki, nenda Amana, nenda Temeke, nenda Mwananyamala, ukapime. Damu inaweza kuwa imepungua, sukari inaweza kuwa imepanda, inaweza kuwa sonona, na sonona ina tiba. Ukipewa dawa, zimeze. Mtu akikuambia utupe dawa ili kuonyesha imani, mwambie hata malaika alikuja na mkate. Na aliyewahi kuomba kama Eliya, kwamba yatosha, asitoke humu leo bila kumwambia mtu mmoja. Hatutakukemea. Mungu hakumkemea.

Baada ya kula na kulala, hapo ndipo Eliya anakwenda siku 40 mpaka mlima Horebu, na hapo ndipo anaulizwa swali: "Unafanya nini hapa, Eliya?" Swali la kusudi. Tazameni lilivyongoja. Sisi tunaanza nalo. Kijana hajala tangu jana tunampeleka kwenye semina ya kugundua kusudi lake, ukumbi mkubwa, skrini kubwa, kiingilio mlangoni. Mungu alianza na mkate.

Eliya analalamika kwamba amesalia peke yake. Dar mnaijua hali hiyo. Sensa ya 2022 ilituhesabu watu 5,383,728 katika mkoa huu, na bado mtu anaumwa siku tatu chumbani Sinza, jirani wa ukuta mmoja hajui jina lake. Mungu anamjibu kwamba wapo elfu saba ambao hawajampigia Baali goti. Elfu saba, na nabii alikuwa anajiona yuko peke yake! Uchovu hupofusha hivyo.

Kisha anampa kazi. Nilitegemea Karmeli ya pili, moto mkubwa zaidi. Hapana. Rudi ulikotoka, kawatie mafuta watu watatu: Hazaeli na Yehu wawe wafalme, na Elisha, atakayekuwa nabii mahali pako. Kusudi lililomrudishia Eliya uhai lilikuwa dogo kuliko la kwanza, na ndani yake mlikuwa na mtu wa kumpokea mzigo.

Akamkuta Elisha wapi? Shambani, analima kwa jozi kumi na mbili za ng'ombe, yeye mwenyewe yuko na ile ya kumi na mbili. Eliya akamtupia vazi lake. Elisha akaichinja ile jozi yake ya ng'ombe, akafanya vifaa vyao vya kulimia kuwa kuni, akapika nyama, akawalisha watu, ndipo akamfuata Eliya kumtumikia. Nira ya zamani imeivisha chakula cha kijiji! Msiniulize tafsiri ya wanatheolojia. Mimi mtoto wa wakulima naona furaha pale. Hakuondoka amekimbia kazi, hakuondoka na kinyongo. Aliondoka watu wameshiba.

Niseme na sisi tunaoongoza makanisa, haraka, maana humu ndimo penye aibu. Jumanne kwaya, Jumatano jumuiya, Alhamisi kamati ya ujenzi, Ijumaa mkesha, Jumamosi usafi, Jumapili ibada na harambee ya bati. Mama mmoja yuko kwenye yote hayo, na bahasha tano zina jina lake. Mitume waliporudi kutoka kazini na taarifa zao, wamezungukwa na watu mpaka nafasi ya kula hawana, Yesu hakuwapangia zamu. Aliwaambia waende mahali pasipo na watu wakapumzike kidogo. Wazee wa kanisa, nawaomba mfute kikao kimoja mwezi huu. Kimoja tu. Mtaona kama mbingu zitaanguka. Na mchungaji wenu apewe likizo yake yote, naye mkewe asiwe mwenyekiti wa kila kitu.

Nimebakiza kundi moja. Wapo humu waliochoka kwa kukosa kazi, na uchovu huo una kejeli yake, maana watu wanakuambia "wewe si umepumzika tu?" Una shahada, una bahasha ya kaki yenye vyeti, umepiga chapa barua mpaka mwenye stesheneri anakukopesha. Umeambiwa rudi wiki ijayo na watu ambao wiki ijayo hawakukumbuki.

Mathayo 20. Mwenye shamba la mizabibu anatoka alfajiri kutafuta vibarua. Anatoka tena saa tatu, tena saa sita, tena saa tisa. Anatoka tena saa kumi na moja, na sisi Waswahili saa hiyo hatuhitaji kuelezwa, ni ile saa foleni ya Ubungo inaanza kukaza. Anakuta watu bado wamesimama. Anawauliza mbona wamesimama pale kutwa bila kazi. Wakamwambia hakuna mtu aliyewaajiri. Hawakutoa maelezo mengine, naye hakuwauliza uzoefu wa miaka mitano. Aliwaambia waende nao shambani. Jioni, waliofanya saa moja wakalipwa dinari, ujira wa siku nzima, sawa na waliounguzwa na jua la mchana.

Wa asubuhi walinung'unika, na mahubiri mengi huishia kwenye manung'uniko yao. Mimi namtazama mwenye shamba. Alikuwa na msimamizi, tunamsikia baadaye akilipa watu. Angeweza kumtuma. Mara tano kwa siku alitoka mwenyewe kwenda sokoni kutazama nani bado amesimama.

Ndugu yangu usiye na ajira, thamani yako mbele za Mungu haikusubiri barua ya ajira. Kesho asubuhi una nguvu, una saa kumi na mbili za mchana. Bibi wa jirani hawezi kusoma maelezo ya dawa zake. Mtoto wa mtaa wa pili anafeli hesabu, na wewe hesabu ulifaulu. Hayo hayalipi kodi, najua, na sitaki utumike bure milele. Lakini nira ya Kristo unaweza kuivaa kesho, kabla hujaajiriwa na mtu yeyote, na kwa kuwa imefungwa shingo mbili hutaivuta peke yako.

Na ninyi wenye maduka, ofisi, karakana, mliofunga vitabu vyenu tayari kutoka, naomba dakika tano. Vijana mnaotafuta kazi, njooni hapa mbele, msione haya, watu wote humu waliwahi kutafuta. Wenye kazi nao washuke waje huku. Sisemi kila mmoja aajiri leo. Muulize jina, muulize anajua kufanya nini, mpe namba ya mtu unayemjua. Wale wenye mikopo ya kila siku, mhasibu wetu mstaafu atakuwa chumba cha wazee kuanzia sasa mpaka jioni. Njooni na mikataba yote mliyosaini, hata ule ambao mumeo au mkeo hajauona. Tutaisoma pamoja, mstari kwa mstari, tujue mnadaiwa nini kwa haki na nini mnatishwa tu.

Haya, shukeni, njooni mbele.